Redempta Hakuchemsha Maji

Kimpumu, pombe ya ulezi, haina haraka ya kuisha. Watu wanazunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na ulezi ukianza kupoa wanaongezewa maji ya moto, wanaendelea. Ndiyo maana wateja wa Bertilla, pale Chanji, walikuwa hawabanduki. Chumba kilikuwa kimoja tu, na kitanda walichokalia kilikuwa cha binti yake, Redempta.

Maji aliyachemsha Redempta. Alikuwa kidato cha pili, na hakuna siku aliyolala kabla mteja wa mwisho hajaondoka. Muhula uliopita usingizi ulimwangusha juu ya karatasi ya mtihani. Akaja kuamshwa karatasi zinakusanywa, wenzake wanacheka. Sasa kesho ulikuwa unaanza mtihani wa taifa. Akifeli, anarudia darasa.

Basi jioni hiyo, jua bado linawaka juu ya bati la jirani, mzee Obed akaita maji. Redempta akaingia mikono mitupu.

"Babu, naomba unipishe."

Obed akadhani anatafuta kitu uvunguni, akasogea. Redempta akapanda kitandani, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Obed akawaambia wenzake kumbe leo wameagiza maji, wameletewa maiti. Wakacheka. Bertilla akaja mbio kutoka uani, akauliza nani amemwagia moto maji.

"Mimi, mama."

"Amka."

"Nimelala."

"Aliyelala anajibu?" Obed akadakia.

"Anajibu akichoka kuamshwa, babu."

Bertilla akavuta blanketi. Redempta akaling'ang'ania kwa mikono miwili. Mama akamkumbusha kwamba hata sare ya shule imetoka kwenye chungu hicho.

"Najua, mama. Nataka niivae kidato cha tatu."

Bertilla akasimama na ncha ya blanketi mkononi. Kisha akaiachia, akawageukia wateja.

"Bebeni chungu mwende jikoni. Moto mtawasha wenyewe."

Obed akalalamika kwamba jikoni kuna moshi, na yeye ni mtu mzima. Bertilla akamjibu kuwa mtu mzima ndiye anayejua kupuliza moto. Wakatoka wananung'unika, mirija mikononi.

Hapo ndipo Bertilla alipomgeukia binti yake kwa maneno: kiburi, aibu mbele za watu, ngoja baba yako arudi kutoka Msanzi. Alisema mengi. Redempta hakusikia hata nusu yake, alikuwa anakoroma.