Vidole Vitatu vya Wanjira

Margaret alifika Kitengela akiwa na mfuko wa shanga na chupa ya dawa ya magome aliyoichemsha mwenyewe huko Rombo. Hakuna aliyemwomba hiyo chupa. Mwanawe Katoo alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mkewe, Wanjira, ana mimba ya miezi miwili na hakuna kinachokaa tumboni, na badala ya kusikitika, mama huyu alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Kwa wanawake wa rika lake, mjamzito anayetapika amebarikiwa. Mtoto habebi mwili mkubwa, na siku ikifika anatoka bila kumtesa mamake. Yeye mwenyewe, kwa mimba zake zote saba, alinyweshwa magome hayo na mama mkwe ili atapike zaidi. Sasa ilikuwa zamu yake kutenda wema.

Ndipo akamwona Wanjira.

"Takwenya," alimsalimu mlangoni kwa Kimaasai.

"Iko," Wanjira aliitikia kama alivyofundishwa siku ya harusi, akainamia beseni kabla neno halijaisha mdomoni. Huyu ndiye msichana aliyekuwa akibeba gunia la viazi mgongoni huku akicheka. Sasa pete yake ya ndoa alikuwa ameifunga kwa uzi isidondoke. Margaret aliisukuma chupa ndani zaidi ya mfuko, akajiambia atangoja kidogo tu.

Jumatano walimpeleka kliniki. Aliyewahudumia alikuwa nesi mwanamume, Ndolo, na Margaret alimwangalia kutoka kichwani hadi viatuni. Mwanamume mzima na ndevu zake, na ameenda chuo kusomea mimba! Ndolo hakujali. Alimpandisha Wanjira kwenye mizani, akakunja uso.

"Amepoteza kilo sita. Ijumaa nitampima tena, na akiwa amepungua, analazwa. Hapo tunaogopea yeye na mtoto." Akawapa vidonge vya kuzuia kutapika. Kisha akaushika mkono wa Wanjira, akaugeuza kiganja juu, akamwambia Katoo: "Na kuna hii. Weka vidole vitatu hapa, kuanzia kwa mkunjo wa kiganja. Vidole vyake, sio vyako. Pale vinaishia, katikati ya hizi kano mbili, bonyeza na kidole gumba dakika mbili tatu. Haisaidii kila mtu, lakini haina madhara. Akipata nafuu kidogo, ataweza kumeza dawa."

Margaret nusura acheke. Tumbo linachafuka, mtu anabonyezwa mkono?

Katoo alichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini Katoo ni fundi wa kuchomelea mageti, na vidole vyake ni vinene kama mihogo. Alipima, akabonyeza, akahesabu dakika kwa simu, na Wanjira akatapika uji, kidonge, na maji aliyosukutulia mdomo. Alhamisi asubuhi alijaribu tena. Hali ilikuwa ile ile.

"Mama, hii kitu haifanyi kazi," alisema, macho yamemwiva. Akaenda zake kwenye karakana kwa sababu hakutaka kulia mbele yao.

Margaret aliitoa chupa. Alimimina kikombe cha magome, akaenda kuketi kando ya kitanda.

"Hii ndiyo tulikunywa sisi. Itakutapisha mara moja, yote yaishe."

"Yeyo, hakuna kitu imebaki ya kutapika," Wanjira alisema, akimwita mama kwa lugha ya mumewe. Hakusema kwa ujeuri. Alinyoosha mkono kukipokea kikombe. "Lakini ukisema nikunywe, nitakunywa."

Kwenye mkono huo Margaret aliona alama nyekundu za kubonyezwa, karibu katikati ya kifundo na kiwiko, na jicho lake la kazi likakataa.

"Nani alikupima hapa?"

"Katoo."

"Na vidole vya nani?"

"Vyake."

Basi Margaret alipandwa na hasira kabisa. Kwa miaka arobaini ameshona bangili za shanga, na kwa miaka arobaini amewagombeza wasichana wanaojipimia bangili ya mteja kwenye mikono yao wenyewe. Bangili hupimwa kwa mwenye mkono! Yule nesi alilisema waziwazi, na huyu mwanawe, aliyelelewa katikati ya shanga, hakusikia.

Akakiweka kikombe sakafuni. Alichukua vidole vitatu vya Wanjira, vyembamba, akavilaza kwenye mkono mwingine wa Wanjira mwenyewe kuanzia mkunjo. Kidole gumba chake, kinachojua kutafuta tundu la ushanga bila msaada wa macho, kikapapasa zile kano mbili, kikaingia katikati. Akabonyeza, akangoja. Nje, lori la maji lilipiga honi kwa jirani.

Wanjira alivuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine.

"Yeyo," alinong'ona. "Inashuka."

Margaret hakuthubutu kuondoa kidole. Alihamia mkono wa pili, halafu akamnywesha uji vijiko vitatu, na kidonge, na wote wawili wakakaa wakiikodolea macho saa ya ukutani. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Kile kikombe cha magome alikwenda kukimwaga nyuma ya choo, na chupa yote pamoja nacho.

Ijumaa mizani ilionyesha nusu kilo zaidi. Ndolo akasema hakuna kulazwa, waendelee hivyo hivyo na wasiache vidonge. Katoo alimkumbatia mkewe hadi nesi akaona haya.

"Daktari," Margaret alimwita kwa heshima safari hii. "Hii mahali iko kwa kila mtu?"

"Kila mtu, mama. Unazaliwa nayo."

Waliporudi nyumbani alivua bangili zake moja baada ya nyingine, zile pana asizovua hata kanisani. Ngozi ya chini yake ilikuwa laini na nyeupe kidogo, haijaona jua tangu usichana. Akamnyooshea Wanjira mkono.

"Nipime."

Wanjira alivilaza vidole vya Margaret kwenye mkono wake Margaret, akapapasa, akabonyeza. Margaret aliisikia ile sehemu. Alifikiria mimba saba na mabeseni ya magome. Alifikiria wa kwanza, Kakenya, aliyezaliwa mdogo kama walivyotaka, akaishi siku tisa.

"Ilikuwa hapa," alisema, na machozi yakamtoka. "Wakati huo wote ilikuwa hapa, na nimeifunika na shanga."

Wanjira aliendelea kubonyeza, kisha akaomba ule mkono mwingine.