Kioo Ndani ya Ukuta

Ufa wa sebuleni nimeuziba mara tatu, na mara tatu umerudi. Mke wangu Nashilu, mwalimu wa sayansi hapa Akheri, akabandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji.

"Kikipasuka, baba Silantoi, ujue nyumba inasogea."

Nikamwambia hizo ni kazi za tume za serikali, kuchunguza kitu ambacho kila mtu anakiona. Halafu diwani akatuma ujumbe kwamba Jumapili atatutembelea. Mimi siaibishwi na ufa. Nikapiga lipu juu ya kioo hichohicho, nikapaka rangi.

Jumapili diwani alikuwa anausifia ukuta, kikombe mkononi, tuliposikia kioo kikipasuka ndani yake. Nashilu aliweka chupa ya chai chini, akaanza kuwatoa watoto nje.