Salamu Iliyorudiwa

Wenzake ofisini walimwita Mtawa, kwa sababu alikula peke yake kwenye chumba chenye baridi cha seva za hospitali kuu, amejikunyata ndani ya sweta. Hakuchukia. Siku zilipita asiseme na mtu ila sista wa kliniki ya mbali, aliyempigia kila asubuhi kulalamika kwamba picha zake za eksirei zimegoma tena kufika.

"Kaka fundi, mashine yenu imeninunia," ndivyo alivyoanza kila mara. Kisha, wakisubiri jaribio lingine, alimsimulia ya huko: paka aliyezalia kwenye kabati la mafaili, dereva anayekoroma mchana kweupe. Fundi alicheka kimya kimya. Miezi mitano sasa.

Juma hilo sista hakuwa na utani. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba picha zisipopita hadi Ijumaa, mashine ya eksirei itahamishwa, na wagonjwa wa kule watashinda barabarani na mifupa yao iliyovunjika. Kila mtu aliilaumu setilaiti iliyounganisha kliniki na mjini. Fundi naye aliilaumu.

Jumatano akakaa na kumbukumbu za seva, akazisoma mstari kwa mstari. Kabla kompyuta mbili hazijasemezana kwa siri, lazima zikubaliane kwanza jinsi ya kutengeneza ufunguo wa kuficha ujumbe. Ya kliniki, ili kuokoa muda, ilikuwa ikibahatisha: ilituma salamu pamoja na sehemu yake ya ufunguo, kwa njia mpya iliyo nyepesi. Seva ilijibu kwamba njia hiyo inaijua, ila inapendelea nyingine, tuanze upya. Hapa mjini kuanza upya hakukuchukua hata kufumba na kufumbua. Kwa setilaiti, kabla salamu ya pili haijajibiwa, kompyuta ya kliniki ilikuwa imeshachoka kusubiri, imekata.

Na orodha ya mapendeleo ya seva aliipanga yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, akiiga kitabu alichojifunzia.

Alihamisha mstari wa njia ile nyepesi ukawa wa kwanza. Njia zote mbili zilikuwa salama, hakuna alicholegeza. Akampigia sista, akamwomba ajaribu. Picha ikapita, na ya pili, na ya saba. Angeweza kuishia hapo. Akakohoa, akamweleza kosa lilikuwa la nani.

 

"Kwa hiyo miezi mitano yote," sista akasema, "nilikuwa namgombeza mtu sahihi."

"Ndiyo, sista. Nisamehe."

"Kuna mzee alisafirishwa na nyonga yake iliyovunjika kwa kuwa picha haikufika, kaka. Huyo ndiye wa kumwomba msamaha." Hakusema kwa ukali. Akaaga, kwamba ana foleni ya wagonjwa.

Alhamisi simu haikulia. Ijumaa nayo, kimya. Kwenye skrini kliniki iliunganishwa kwa salamu moja tu, asubuhi mara tisa, mchana mara kumi na moja. Mashine ya eksirei haingehamishwa tena. Fundi akapiga yeye.

"Kuna tatizo gani?" sista akauliza haraka.

"Hakuna. Nimekupigia tu."

Huko nyuma mtoto alilia, kiti kikaburutwa. Sista akasema ana mgonjwa kitandani, akimaliza atampigia. Fundi akamwambia hamna neno. Akafungua chakula chake, akaipandisha sauti ya simu hadi mwisho, maana mitambo ile ina kelele, akaanza kula.