Dashibodi ya Mke wa Dereva

Tangu azikwe dereva, mkewe hakuwa amelia, na watu walikwishaanza kumchungulia machoni kama wanaotafuta kope iliyoingia. Yeye mwenyewe alijichungulia pia, asione kitu. Alikuwa kama mkono uliokufa ganzi: upo, unauona, ukiubonyeza si wako.

Kazi yake ilikuwa cherehani. Marehemu alimwachia kigari cha kusambazia mikate, chenye dashibodi iliyopasukapasuka kama kisigino na geji zilizokufa kabla ya mwenye gari. Dereva alikuwa akiujua moto wa injini kwa kunusa tu, na sasa pua ilikwenda na mwenyewe. Mwenye kiwanda cha mikate naye alishasema: Jumatatu gari lisipofika, kazi anapewa mwingine.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa keshajiteua.

"Shemeji, wewe shona zako. Gari niachie mimi, na njia zake nizichukue zote. Wewe utaliweza wapi?"

"Leseni ninayo."

"Leseni! Mimi nina cheti cha ndoa, na mke yuko kwao."

Mwanamke alimpa kisogo. Aliingia ndani, akaondoa vitambaa mezani, akaanza kazi ya kuliundia gari dashibodi mpya.

Aliifanya kama anavyojua yeye. Alilaza katoni juu ya dashibodi ya zamani, akazikunja pembeni, akapiga chaki, utadhani anamkatia koti mteja mwenye kitambi. Katoni zilipokaa sawa alizifuatisha kwenye plaiwudi kwa penseli, akakata kwa msumeno wa mkono. Vumbi likaingia kwenye cherehani, hakujisumbua kuifunika. Nyuma ya usukani akasimamisha kibao cha kubebea geji tatu mpya: ya moto, ya oili na ya chaji. Matundu aliyatoboa kwa kekee ya kuazima, akayapanua kwa tupa kidogo kidogo, mpaka geji ikaingia kwa kusukumwa na isichezecheze. Kisha akatengeneza droo ya spana, mfuko wa karatasi za mizigo, kishubaka cha chupa ya maji na kingine kirefu chembamba. Vyote akavivika ngozi nyeusi ya sofa, akashona kingo kwa mkono.

Makanika aliyekuja kuunga waya aliitwa Msafi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuijua rangi ya ovaroli lake.

"Dada, hii si dashibodi, hii suti ya harusi," alisema. Akachomeka kidole kwenye kishubaka chembamba. "Na hiki cha nini?"

"Cha miwani."

"Nani anavaa miwani?"

Mwanamke alikitazama. Ndani alikuwa amekitandika kitambaa laini, vioo visije vikakwaruzika. Hakukumbuka kuamua hilo. Msafi akazirudia waya zake haraka, kama mtu aliyeitwa nazo.

Waya zilipokwisha, mke wa dereva alipanda kwenye kiti, akawasha injini kuijaribu, akaizima. Aliuona usukani. Pembeni ya ukingo wake aliona nusu ya geji ya chaji. Geji ya moto, ile ya kuonya injini ikitaka kuiva, ilifichwa yote. Akanyoosha mkono kwenye droo. Vidole vikaishia hewani.

Vipimo havikuwa na kosa. Alipima kwa vile anavyovijua kwa moyo: mgongo wa mtu akiketi, mkono wake kuanzia begani. Ndivyo alivyomkatia mumewe mashati miaka yote.

Alishuka, akangoja kilio. Nafasi ilikuwa nzuri kabisa. Hakikuja.

Aliyekuja ni shemeji, kavutwa na mlio wa injini. "Hebu nijaribu," akasema, na alikuwa keshapanda. Ndugu hao walikuwa na mgongo mmoja. Geji zote tatu zikamtazama usoni, na droo akaifikia bila kujinyoosha.

"Shemeji! Ulinipima nikiwa nimelala?" Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mdomo unakataa, kumbe mikono ilishakubali. Lete ufunguo."

Msafi alianza kucheka, akaishia njiani.

Kumpa kungekuwa rahisi, kama kumkabidhi mteja nguo iliyomkaa. Mkono wenye ufunguo ulikwishaanza kwenda. Aliuona ukienda, kama anautazama mkono wa jirani.

"Shuka," alisema.

"Nini tena?"

"Shuka. Nguo haijaisha."

Alikaa yeye, akampa Msafi futi. "Nipime. Jicho mpaka usukani, bega mpaka kidole."

Msafi aliishika futi kama aliyepewa mtoto mchanga. "Dada, lakini wewe mfupi!"

"Soma namba."

"Nimesema tu."

"Na mimi nimesema soma namba."

Mwanamke akafungua skrubu, akakipunguza kibao mpaka geji zikashuka kwenye uwazi wa usukani, chini ya ukingo. Droo akaisogeza karibu. Kishubaka cha miwani ya marehemu alikiacha. Ngozi ya kukizibia ilikuwa imekwisha.

Jumatatu shemeji alifika mapema, kanyoa, kapiga pasi, akakwea kwenye kiti cha dereva bila kuuliza. Akainama. Akanyooka. Akapinda shingo kama kuku anayechungulia chupa.

"Shemeji, mbona geji zimejificha? Hapa naona usukani mtupu."

"Ukiinama utaziona."

"Niendeshe nimeinama kutwa nzima?"

"Basi zunguka upande wa pili. Kreti za mikate nzito, utanisaidia kushusha."

Shemeji alimtazama Msafi, aliyekuwa anaitazama tairi kwa makini sana. Hakupata msaada hapo. Akashuka, akazunguka, akapanda upande wa abiria na nguo zake za pasi.

Mke wa dereva akawasha. Mshale wa moto ukapanda polepole, ukafika katikati, ukatulia. Aliuona wote.

"Kaka angefurahi," shemeji alisema, kwa sauti ndogo asiyoizoea.

Mwanamke akaisikiliza kauli ile ikishuka ndani yake, aone kama itagusa chochote. Ikapita.

"Vuta mlango wako," akamwambia. "Haujafunga."