Mtu wa Kwenye Mchoro

Nilikuwa mke wa fundi viti, na kwa miaka thelathini na kitu ya kwanza sikuwahi kukaa kwenye kiti chake miguu ikafika sakafuni. Mimi ni mfupi. Kwetu wanawake wote tulikatwa kwenye ubao mmoja. Lakini utaanzaje kumwambia mtu ambaye viti vyake vinasifiwa hadi Amerika kwamba havimfai mkewe? Nikanyamaza. Viazi nilivimenya nikiwa kwenye kibao changu cha jikoni, na wageni wakija nilikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Watu wakanisema: Dagny hatulii. Wahenga walisema mganga hajigangi; wangeongeza na mkewe.

Karakana ya Ejnar, mume wangu, ilikuwa uani, katika mtaa wa Nørrebro, nasi tuliishi ghorofani juu yake. Kila vuli chama cha mafundi seremala wa Copenhagen kilifanya maonyesho, na fundi aliungana na msanifu wake: huyu achore, yule achonge. Msanifu wa Ejnar alikuwa Tyge Ravnholt, kijana mwenye tai ya sufu na maneno mengi. Walikuwa na dini yao hao wawili. Kiti kisiwe na kipande kisicho na kazi. Chini yake, ambako hakuna atakayechungulia, pawe pazuri kama juu. Mwaloni usipakwe vanishi, uoshwe kwa sabuni, upumue. Ejnar aliviosha viti vile kwa upole ambao watoto wetu hawakuuonja siku za kuoga. Na zaidi ya yote, kiti kianzie kwenye mwili wa binadamu. Ndiyo maana ukutani mwa karakana ulining'inia mchoro mkubwa sawa na kiti chenyewe, na ndani yake mtu aliyechorwa kwa ubavu, ameketi, hana uso, nyayo zake zimetulia sakafuni. Huyo ndiye mtu wa wastani. Wasanifu walimpima huko chuoni kwao, mgongo, paja na muundi. Nilimwonea wivu, sisemi uongo.

Mwezi Machi mwaka mmoja niliteleza kwenye barafu mlangoni pa mwoka mikate, nikavunjika nyonga. Hospitali waliniunga, wakanirudisha nyumbani kwa sharti: kabla ya vuli kwisha niwe naweza kuinuka kitini mwenyewe. Nisipoweza, nyumba ya wazee. Ejnar alikuwa karakanani kutwa, na binti yetu Gudrun, aliyeolewa mji wa mbali wa Aalborg, alikwishaanza kuniulizia kitanda huko. Alifanya hivyo kwa kunipenda, najua. Hata hivyo nilipoambiwa kwenye simu, nililia ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo. Nilitaka kuzeekea jikoni kwangu, na mume wangu akipiga randa huko chini.

Kibao changu hakikuwa na mikono ya kushika, kwa hiyo Ejnar alinipandishia kiti cha maonyesho, kilichokuwa kimekwisha na kinasubiri siku yake. Kilikuwa kizuri, siwezi kukionea. Mkono wake ulizunguka kutoka mgongoni bila kuonyesha ulipoungwa, na kitako kilisukwa kwa kamba ya karatasi iliyokazwa kama ngoma. Kila asubuhi nilishika mikono ile, nikajisukuma, nikarudi chini puu. Ejnar alisimama pembeni akinihimiza nijitahidi kidogo, Mama. Tulizoea kuitana Mama na Baba, ingawa watoto walikwishaondoka. Nami nilijitahidi, na aibu ikanishika, nikadhani nyonga imekata tamaa. Muuguzi aliyekuja kila wiki alianza kunisemesha kwa ile sauti ya kusemeshea watoto.

Jumapili moja ya Septemba tulikuwa tunakula mkate mweusi na samaki wa siki, kisu cha siagi kikamponyoka Ejnar kikaingia chini ya meza. Akapiga magoti kukitafuta. Hakutoka. Nikamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu.

"Mama," alisema kutoka huko chini, "miguu yako inaning'inia."

"Umeiona leo?"

"Imeanza lini?"

"Tangu harusi, Baba."

Nilihisi mkono wake ukishika kisigino changu, kisha ukipanda taratibu hadi nyuma ya goti, mahali ambapo hapakuguswa na mtu kwa miaka mingi. Alikuwa ananipima. Akachomoa futi mfukoni mwa koti lake, akapima tena. Aliposimama macho yake yalikuwa mekundu. Alinibeba hadi kitandani, akakiinua kile kiti cha maonyesho.

Nilijua anachokwenda kufanya, nikamkataza. Nikamkumbusha kwamba Tyge anakuja Ijumaa kukikagua. Nikamwambia anitengenezee kingine pole pole, au anipe kibago cha kuwekea miguu.

"Kibago ni kiraka," alisema, akashuka ngazi. Haukupita muda nikausikia msumeno.

Alipokirudisha akanikalisha. Visigino na vidole, vyote vilikuwa sakafuni. Jamani, sikujua kwamba kukaa ni raha namna ile. Nikashika mikono ya kiti, nikainama mbele, nikasimama. Nyonga iliuma, lakini nilisimama, na Ejnar alikuwa mbele yangu mikono imenyooshwa, hanigusi. Nikamwangukia kifuani kwa kupenda, wala si kwa udhaifu.

Ijumaa Tyge alikizunguka kiti, akasema kimeuawa. Vipimo vyake vilitegemeana, alisema, na sasa kinaonekana kimezama matopeni. Hakukosea; ukikitazama kwa mbali kilikuwa kama bata. Akamuuliza Ejnar kwa uchungu kama amesahau walikuwa wanamtengenezea nani.

"Ndiyo kwanza nimekumbuka," Ejnar alijibu. "Huyo mtu wako wa kwenye mchoro nimemtumikia ujana wangu wote, Tyge. Hajawahi kunikaangia hata yai."

Nikainuka kwenda kumtilia mgeni kahawa. Tyge alinitazama nikivuka chumba, akalegeza tai yake ya sufu, akakaa. Mwaka ule hawakupeleka kitu kwenye maonyesho. Nafasi yao walipewa wengine. Muuguzi alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake, naye Gudrun akaacha kuulizia vitanda.

Ikabaki meza. Kiti kiliposhuka nilishuka nacho, na sahani ikanijia karibu na kidevu. Nilikula hivyo hivyo bila kusema, maana kunyamaza nilikuwa nimekuzoea. Siku moja Ejnar akaweka uma wake chini, akanitazama jinsi ninavyokula. Nikamwambia asithubutu, hiyo ni meza ya marehemu mama yake. Aliikata jioni ile ile.

Tuliishi pamoja miaka tisa zaidi. Yeye alikuwa mrefu, na magoti yake hayakuingia tena chini ya meza ile. Alikula amekaa upande, sahani mkononi, hadi siku alipofariki. Kila nilipomwambia aiinue kidogo, alisema yeye anakula vizuri tu, nimpe chumvi.