Paa Moja, Milango Mingi

Sheria ya komini, halmashauri ya mji, pale Sake ilikuwa fupi, na ndiyo maana Papa Evode, mfanyabiashara, aliichukia. Duka kubwa, magazini, halijengwi karibu na soko. Anayelitaka aende nje ya mji, kwenye njia ya Minova, ambako hata mbuzi hapiti bila sababu. Karibu na soko ni vibutiki, viduka vidogo, tu, na kati ya kimoja na kingine ibaki njia ya watu wote.

Mama Byukusenge aliipenda sheria hiyo kama wengine wanavyopenda komeo la mlango. Aliuza fromaji, jibini zile za duara zinazoshuka kutoka milima ya Masisi, na meza yake ilielekeana na kiwanja cha Evode. Evode alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ataleta firiji na jibini ya ng'ambo iliyokatwa tayari. Nani basi angesimama kwenye mvua kununua kwake? Mama huyo aliogopa, na hakumficha mtu.

Evode hakwenda njia ya Minova. Alijenga jumba lenye paa moja, akatoboa milango mingi mbele, akagawanya ndani kwa mbao zilizoishia kiunoni, akaacha ujia katikati. Juu ya kila mlango akaandika jina: la mkewe, la shemeji yake, hata la mtoto aliyekuwa bado tumboni. Komini ikampa ruhusa ya vibutiki. Mpokea pesa alikuwa mmoja kwa wote.

"Hii iko magazini moja," Mama Byukusenge akamwambia siku ya kufungua.

"Hapana, Mama. Kila muntu iko na butiki yake."

"Na hapa katikati?"

Evode akamtupia jicho Dada Nicole, yule wa ofisi ya ujenzi ya komini, aliyekuwa kando yao akinywa Fanta ya bure. "Hapo njo njia," akasema. "Ya batu bote."

Mama Byukusenge akashukuru kwa adabu, akaenda zake kulala.

Asubuhi mvua ilinyesha bila huruma. Evode alipofika, mpokea pesa alikuwa amekwisha kufungua milango, na mama amekaa ndani, kwenye ile njia, kati ya mchele na sabuni, meza imetandikwa na ushuru wa soko umelipwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Evode ilikuwa fupi kweli.

Hapo angenyamaza, angepona. Lakini alitaka mama aondoke kabla wateja hawajaingia, akampa noti mkononi. "Mama, shika, urudie kule."

Mama Byukusenge akaipokea kwa mikono miwili. Akakata kipande cha fromaji, akakiweka katika kiganja cha Evode kabla hajakifunga.

"Amesha uza," akasema Falone, muuza nyanya, aliyekuwa anachungulia mlangoni.

Evode akakitazama kile kipande. Hakuna mtu wa soko la Sake asiyejua: mahali ulipouzia kitu chako cha kwanza cha asubuhi, hapo hakuna wa kukuhamisha. Naye ndiye aliyenunua.

Kabla ya adhuhuri Falone alikuwa ameingia na nyanya zake, akifuatwa na mama wa sombe, yaani kisamvu, na mwingine wa kuku. Kuku mmoja alipanda juu ya magunia ya sukari na kukataa kushuka. Evode akakimbilia komini kushtaki, akarudi na Nicole.

Nicole alizunguka taratibu, akimkwepa kuku. "Papa Evode, mi nauliza kintu moja tu. Hii iko magazini moja ao butiki mingi? Kama iko moja, hawa bamama batoke. Na wewe pia utoke, uende kujenga njia ya Minova. Kama iko mingi, hapa iko njia ya batu bote, na banalipa ushuru."

Evode akaitazama firiji yake. Akautazama mlango wenye jina la mwanawe ambaye hajazaliwa.

"Iko mingi," akasema, kama anayemeza kwinini.

Mama Byukusenge alijibana asicheke hadi Nicole alipotoka, kisha akacheka mpaka machozi, kwa kuwa tangu msingi wa jumba lile uchimbwe hakuwa amelala vizuri. Akakata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Shika, jirani," akamwambia Evode. "Na hii paa, huku kwangu inavuja kidogo."

Evode akala, halafu akaenda kutafuta ngazi.