Dawati la Mwisho

Kila siku saa nne kasoro robo mzee Titi, mtunza shule, aliingia darasa la nane na kreti ya maziwa na mfuko wa mikate midogo ambayo serikali huwapa wanafunzi. Aligawa dawati kwa dawati, huyu akimtania, yule akimvuta sikio. Kisha alipanda baiskeli yake, palepale kati ya ubao na jiko la kuni, akaanza safari ya kumpelekea Narcisa wa dawati la mwisho.

Dawati hilo lilikuwa mita mia mbili na kumi na nne kutoka ubaoni. Titi aliupima umbali huo Novemba kwa bikari ya mbao ya kupimia mashamba, kwa kuwa mkewe alikataa kuamini kwamba alikuwa anachelewa kazini na si kilabuni. Kwa nje jengo halikuwa limebadilika: madirisha manne, dohani moja, kunguru juu ya bati. Kwa ndani darasa lilirefuka upande wa nyuma, na lilikuwa likirefuka tangu Narcisa alipoingia darasa la tano akakalishwa huko, mahali wanapokalishwa Waroma, wale watu wanaoitwa Wajipsi, wa ng'ambo ya reli. Walikuwa watatu. Wawili waliacha shule mwaka wa pili, maana ilikuwa mbali.

Aglaia Mocanu, mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na sita, aliamini kwamba msichana yule ni mzito wa kichwa. Alimwuliza swali Jumatatu, akasubiri, kimya. Akamwandikia tatu kati ya kumi katika daftari la alama. Jumanne, katikati ya somo jingine, sauti ya Narcisa iliwasili kutoka nyuma na jibu sahihi. Lakini alama huandikwa kwa wino, na maji yakimwagika hayazoleki. Aglaia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, jambo ambalo mara nyingine ni baya zaidi.

Getini, ambako hakukuwa na umbali wowote, Narcisa alimsimamisha siku moja.

"Mwalimu, mimi nataka shule ya uuguzi, kule mjini. Wanataka alama tano kwenye mtihani wa Juni."

"Uuguzi? Wewe?"

"Bibi yangu ana kisukari. Anayemchoma sindano ni jirani, yule anayechanja kuku. Kuku anawachanja vizuri, sikatai. Lakini bibi si kuku, mwalimu."

Aglaia alisema tutaona. Ndivyo alivyowaambia wote.

Januari, wakati wa mapumziko, mtu alifungulia spika ndogo iliyokuwa begini. Ulikuwa wimbo wa manele, ule muziki wa Waroma ambao watu wa mji huo waliutukana mchana na kuucheza arusini mpaka viatu vikakatika visigino. Aglaia aliinua kichwa ili afoke, na hapo akaona, mbali kabisa, mkono mdogo ukipiga dawati. Uliangukia mdundo uleule, wakati uleule. Aliufuata mkono ule kwa macho mpaka wimbo ukaisha. Hapakuwa na hata nukta moja ya kuchelewa.

Kesho yake aliandika ubaoni eneo la pembetatu, akavua pete, akaanza kugonga meza kwayo.

"Kitako mara kimo, moyo wangu ee," aliimba, kwa sauti ya mtu asiyewahi kuimba hata kanisani, "halafu ukate nusu, uniachie nusu!"

Watoto walicheka mpaka machozi. "Mwalimu, nani kakuacha?" aliuliza mmoja. "Tutajie jina tu, tumfuate!"

Kutoka nyuma jibu la swali la kwanza lilikuja papo hapo, limeimbwa, na mtetemo wa koo mwishoni kama inavyotakiwa. Lilikuwa sahihi. Aglaia aliandika tisa, kwa furaha ambayo alikuwa ameisahau.

Waliimba sehemu na asilimia, waliimba duara. Watoto wa mbele, waliokuwa wakinakili bila kuelewa, nao walianza kuelewa, ila hilo halikumshughulisha mtu. Ijumaa Titi alimnong'oneza, "Mwalimu, leo nimehesabu mita mia na tisini." Februari dawati lilikuwa mita tisini. Machi alianza kupeleka maziwa kwa miguu. Lilipobaki hatua thelathini, Aglaia aliona kwa mara ya kwanza kwamba Narcisa alivaa miwani, na kwamba mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa amemfundisha miaka minne.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Alhamisi. Bi Enache, mwenyekiti wa kamati, alisimama na mkoba wake kifuani.

"Mimi mtoto wangu nimemleta shule, sijamleta arusini. Manele! Kesho tutaambiwa wacheze na mbuzi."

Kwenye ubatizo wa mtoto huyohuyo Bi Enache alipanda juu ya meza kuyacheza, na nusu ya waliokuwamo chumbani walimpigia makofi siku ile. Nyani haoni kundule. Sasa pia walimpigia makofi.

Mkuu wa shule, Bwana Pascu, aliichukua spika akaifungia kabatini pamoja na tufe la dunia lililovunjika.

"Nyimbo sikatazi," alisema. "Kuna nyimbo za asili, zile za waimbaji wenye blauzi za kutarizi. Huo ndio utamaduni."

Aglaia alijaribu wimbo wa asili. Ulifika dawati la tatu, ukaishia hapo. Ndipo akaenda ofisini kuomba Narcisa aletwe mbele.

"Mbele kumejaa, mwalimu."

"Dawati la pili lina makoti tu."

"Ni makoti ya watoto," alisema Bwana Pascu, akamsogezea karatasi ya ahadi kwamba hataimba tena.

Angeweza kukataa, na Titi alitumaini hivyo, maana alikuwa nje ya mlango amekumbatia ufagio. Aglaia alisaini. Aliporudi darasani Narcisa alimtazama akisubiri mdundo. Aglaia alifungua kitabu ukurasa wa tisini na mbili na kusoma. Jumatatu iliyofuata Titi alitia mafuta mnyororo wa baiskeli.

Mtihani wa Juni ulifanyikia darasani humohumo, kila mtu mahali alipozoea. Dawati la mwisho lilikuwa kilomita tatu na nusu. Titi aliondoka na karatasi ya Narcisa saa tatu kamili, amekunja suruali ili isinaswe na mnyororo. Wasimamizi kutoka mjini walimtazama akitokomea, wakaomba kahawa. Aglaia alisimama karibu na meza. Pete yake ilikuwa kidoleni na meza ilikuwa ya mbao ngumu. Hakugonga.

Saa tano bahasha zilifungwa na kupigwa muhuri. Titi alirudi saa tano na dakika kumi na nne, kinywa wazi, karatasi kaifumbata kifuani. Kwenye orodha, mbele ya jina la Narcisa, walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hakuwepo. Aglaia aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Narcisa alikosea swali moja tu.

Julai Narcisa alipata kazi ya kusafisha kuku waliochinjwa, kiwandani, kandokando ya barabara kuu.

Septemba Aglaia alipewa darasa jipya la tano na orodha ya kukaa iliyoidhinishwa na kamati. Aliwapanga mmoja mmoja. Akabaki msichana mmoja mwembamba, Sidonia, binamu yake Narcisa, begi limemshinda mgongo.

Hapo sauti ya Narcisa iliwasili kutoka nyuma, ya mwezi Juni, safi, ya mtu aliyeweka kalamu chini.

"Nimemaliza, mwalimu!"

Watoto hawakugeuka. Aglaia alifungua daftari la alama, akatafuta mstari wa Narcisa, akalifunga.

"Nami nikae wapi, mwalimu?" aliuliza Sidonia.

Dawati la pili lilikuwa tupu. Hata makoti yalikuwa hayajaletwa, kwa kuwa bado kulikuwa na joto.

"Nyuma, mwanangu," alisema Aglaia.

"Ni mbali?"

"Bado si mbali."

Sidonia alipandisha begi lake, akaanza kutembea.